Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Kungoja ni kwa namna mbili. Kuna kungoja kwa mkulima ambaye amekwisha kupanda na sasa anaitazamia mvua. Kungoja huku kuna heshima, kwa sababu mbingu haiharakishwi na mtu. Na kuna kungoja kwa bwana aliyesimamishwa mlangoni pa nyumba yake na mtumishi wake mwenyewe. Kungoja huku hakuna heshima wala faida, na ndiko nitakakokueleza habari zake katika insha hii.

Bila shaka, msomaji, umepata kukaa mbele ya kompyuta iliyowashwa lakini isiyo tayari. Umebonyeza kitufe, taa imewaka, feni imevuma, na kiduara kidogo kinazunguka katikati ya kiwambo kama ngamia wa kinu: kinakwenda wala hakifiki. Wenzako wawili wameinama begani pako. Mwalimu anatazama saa. Hatimaye picha za kazi zinatokea. Unaigusa moja kwa kipanya, na kiduara kinaanza safari yake upya.

Kipindi cha shule ya sekondari ni dakika 40. Tuseme kwamba dakika 5 katika kila kipindi huliwa na kiduara kile, na kwamba vipindi ni vitatu kwa juma, na majuma ya muhula ni 13. Fanya hesabu mwenyewe. Zimekwenda dakika 195, yaani karibu vipindi vitano vizima. Kama mtu angaliingia darasani akakunyang'anya vipindi vitano vya hesabu au vya historia, wazazi wangalikuja shuleni kuuliza. Lakini mwizi wa dakika huiba kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba chake vilevile kama kinavyojaza chetu.

Mwizi huyu ni nani? Watu wengi hujibu upesi. Mmoja husema ni mwanafunzi, kwa kuwa amebonyeza vitufe ovyo. Mwingine husema ni mashine, kwa kuwa imezeeka. Majibu haya yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Mashine haichoki kama punda. Prosesa iliyofanya mapigo bilioni 2 kwa sekunde ilipokuwa mpya inaweza kufanya mapigo yale yale baada ya miaka kumi. Kilichoongezeka ni mzigo uliopandishwa mgongoni pake. Kwa hiyo nataka tuupime mzigo huo, tujue ni nani aliyeufunga na kwa sababu gani, kama wahakiki wanavyokipima kitabu au nyumba: kwa kuuliza kwanza kazi ya kitu, kisha kama kazi hiyo imetendwa vema.

Mzigo ninaousema huitwa mfumo endeshi. Huu ndio programu iliyo juu ya programu nyingine zote. Windows ni mmoja, macOS ni wa pili, na Linux ni wa tatu. Kazi zake si nyingi, ila ni kubwa: kuigawa kumbukumbu ya kompyuta baina ya programu zinazoihitaji, kutunza mafaili, kupokea amri za kibodi na kipanya, kuonyesha majibu katika kiwambo, na kuzuia programu moja isiidhuru nyingine. Ni kama msimamizi wa nyumba ya wageni. Msimamizi mwema hujulikana kwa jinsi asivyoonekana: vyumba ni safi, taa zinawaka, chakula ni tayari, na mgeni anaendelea na shughuli yake. Hapana mtu anunuaye kompyuta kwa ajili ya mfumo endeshi wenyewe. Huinunua ili aandike barua, atunze hesabu ya duka, asome au achore. Mfumo endeshi ni njia, na sifa ya njia ni kumfikisha mtu aendako.

Sasa yafaa kujua jinsi uzito unavyoleta uvivu. Fikiri jiko. Meza ya mpishi ni kumbukumbu ya kompyuta. Ghala iliyo nyuma ya nyumba ni diski. Kila kitu kilicho mezani hupatikana kwa kunyosha mkono tu. Kila kitu kilicho ghalani hupatikana kwa kutoka nje, kufungua mlango, kutafuta na kurudi. Meza ikiwa na nafasi, pishi huendelea vizuri. Meza ikijaa, mpishi hana budi kurudisha unga ghalani ili apate mahali pa kukatia vitunguu. Kisha huvirudisha vitunguu ili alete unga. Siku nzima hupita katika kwenda na kurudi, na chungu kingali kibichi.

Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo hufanya hivyo hasa. Tena diski za kuzunguka, ambazo zilienea sana katika kompyuta za zamani, nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua kama sehemu 11 katika elfu za sekunde. Kwetu sisi huo ni upesi usioonekana. Lakini prosesa ya mapigo bilioni 2 kwa sekunde hupiga mapigo milioni 22 wakati diski inapozunguka mara moja tu. Basi kila safari ya ghalani ni usingizi mrefu kwa mpishi aliye hodari. Uvivu unaouona katika kiwambo mara nyingi si uvivu wa akili ya mashine. Ni safari za ghalani, na safari za ghalani husababishwa na meza iliyojazwa.

Je, nani ameijaza meza? Tutazame hesabu, maana hesabu haina chuki wala upendeleo. Windows 95 ilitolewa mwezi wa Agosti mwaka 1995. Watengenezaji wake walisema ingeweza kukaa katika kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 4, na nafasi ya diski ya megabaiti 50 hivi. Windows XP, ya mwaka 2001, ilitaka megabaiti 64 kwa uchache. Windows Vista, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida mwezi wa Januari mwaka 2007, ilitaka megabaiti 512. Windows 11, ya mwezi wa Oktoba mwaka 2021, ilitaka gigabaiti 4 za kumbukumbu na diski ya gigabaiti 64. Katika miaka 26, basi, meza iliyodaiwa ilikua zaidi ya mara 1,000, na ghala pia ilikua zaidi ya mara 1,000. Na hicho ni kiasi cha chini kabisa. Mtu aliyekitosheleza kiasi cha chini na hakuongeza kitu anajua mwenyewe jinsi alivyongoja.

Barua aiandikayo mwanafunzi haikukua mara 1,000. Herufi ni zile zile, na vidole ni vile vile kumi. Ni haki kuuliza faida ya ongezeko hili ilikwenda wapi.

Swali hili liliulizwa kwa uwazi na bingwa mmoja wa Uswisi, Niklaus Wirth. Huyu alizaliwa mwaka 1934 na akafariki tarehe 1 Januari 2024. Ndiye aliyeitunga lugha ya programu iitwayo Pascal, ambayo ilifundishwa katika shule na vyuo vingi duniani, na mwaka 1984 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika elimu ya kompyuta. Mwaka 1995, mwaka ule ule wa Windows 95, aliandika makala ya kuwasihi wenzake waandike programu nyembamba. Aliikumbusha dunia hoja ambayo yeye mwenyewe alisema ameipata kwa mwenzake Martin Reiser: kwamba programu huongezeka uzito kwa haraka kuliko mashine zinavyoongezeka nguvu. Watu waliiita hoja hiyo Kanuni ya Wirth.

Ili uione nguvu ya hoja hiyo, ikumbuke kanuni nyingine. Mwaka 1965 Gordon Moore wa Marekani alibashiri kwamba idadi ya sehemu zinazotiwa katika kipande kimoja cha saketi ingeongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alisahihisha akasema kila miaka miwili. Kwa miongo kadhaa ubashiri huo ulitimia takriban kama alivyosema. Basi Moore alikuwa akijaza mtungi, na wale aliowalaumu Wirth walikuwa wakiupasua kitako. Mjazaji alikuwa hodari sana, ndiyo maana watu hawakuiona tundu upesi.

Wirth hakulalamika kwa maneno tu. Kati ya mwaka 1986 na 1989 yeye na mwenzake Jürg Gutknecht, katika chuo cha ETH kilichoko Zürich, waliandika mfumo endeshi mzima uitwao Oberon, pamoja na lugha yake. Watu wawili, miaka mitatu. Kiini cha mfumo ule, pamoja na programu ya kuandikia na ya kufasiri lugha kwa mashine, kilichukua nafasi isiyofika kilobaiti 200. Picha moja iliyopigwa kwa simu leo huzidi nafasi hiyo mara nyingi. Oberon haikuenea madukani, wala sisemi kwamba ingalitosha mahitaji yote ya ofisi. Nasema kwamba ilithibitisha jambo moja: unene si sharti la uhai.

Sababu za unene ni nyingi, lakini nne zatosha kutajwa.

Ya kwanza ni biashara ya mapya. Toleo jipya haliuziki kwa kusema kwamba limeondoa vitu. Huuziwa watu kwa kusema kwamba limeongeza. Kwa hiyo kila toleo huja na mapambo, na la zamani haliondolewi kwa hofu ya kumwudhi aliyelizoea. Nyumba hujengwa vyumba kila mwaka wala hakuna chumba kinachobomolewa.

Ya pili ni kukopa bila kupima. Mwandishi wa programu haanzi kila kazi kwa mikono mitupu. Huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine. Hilo si kosa, bali ni hekima. Lakini mtu anayehitaji msumari mmoja akikopa sanduku zima la seremala, atalibeba sanduku zima. Tangu miaka ya 2010 programu nyingi za mazungumzo na za kuandikia zimekuwa zikibeba ndani yake kivinjari kizima cha intaneti, ijapokuwa kompyuta ina kivinjari chake tayari. Ukifungua programu tatu za jinsi hiyo, umefungua vivinjari vitatu. Baadhi ya sehemu za mifumo endeshi yenyewe zimeifuata njia hii. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na mlipaji hapa si yule aliyekopa.

Ya tatu ni wageni wasioalikwa. Kompyuta mpya mara nyingi hutoka dukani na programu ambazo mnunuzi hakuziomba. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba mchezo wa peremende uitwao Candy Crush Saga ungekuja pamoja na Windows 10, kana kwamba mtu anayenunua dawati anahitaji pia bakuli la peremende lililopigiliwa misumari juu yake. Programu nyingine hujiandikisha ili ziamke kila mashine inapoamka: hii ya kutafuta masasisho, ile ya kupeleka habari kwa mtengenezaji, nyingine ya kutangaza bidhaa. Kila moja husema kwamba inachukua mahali padogo tu. Wahenga walitufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Wageni hawa hukaa miaka, na jembe hawalijui.

Ya nne ndiyo mama wa zote, na ndiyo iliyonipa jina la insha hii. Usufi ni pamba nyepesi ya msufi, ile tunayoijaza katika mito. Kanda lililojaa usufi halimwelemei mtu. Wahenga waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walikuwa na maana kwamba mzigo ulio juu ya kichwa cha mwingine huonekana mwepesi kwa anayetazama. Watu wanaoandika mifumo endeshi kwa kawaida hufanya kazi katika mashine mpya, zenye kumbukumbu kubwa na diski zisizozunguka, na intaneti isiyokatika. Katika mashine hizo kila kitu hufunguka mara moja. Mwandishi hutazama, huridhika, na kuipeleka kazi yake duniani. Hakudanganya. Hakuhisi uzito tu, kwa sababu hakuubeba.

Kuna kisa kimoja kinacholithibitisha jambo hili kuliko hoja zangu zote. Kabla ya Vista kutolewa, kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na kibandiko kilichosema kwamba zinaiweza Vista. Wanunuzi wengine walipoiweka waligundua kwamba mashine zao ziliweza toleo la chini tu, bila yale mapambo yaliyotangazwa. Mwaka 2007 kesi ilifunguliwa katika mahakama ya Seattle, Marekani. Kesi hiyo haikuwapa walalamikaji ushindi mkubwa, kwani mwaka 2009 jaji aliamua kwamba hawawezi kuendelea kushtaki kama kundi moja. Lakini mwaka 2008 ilizifichua barua za ndani za Microsoft, na humo wakuu wa kampuni yenyewe walionekana wakilalamika. Mmoja wao alinunua mashine yenye kibandiko kile, akaeleza kwamba amebaki na mashine ya dola 2,100 isiyofaa ila kusomea barua. Siku ile mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha aliyeufunga, na kanda la usufi likageuka kuwa kanda la mawe.

Haki yataka tumsikilize na mshtakiwa, na utetezi wake si hafifu. Kwanza, atasema, mifumo ya zamani ilikuwa myepesi kwa kuwa haikuwa na ulinzi. Ni kweli. Katika Windows 95 programu moja mbovu iliweza kuiangusha kompyuta nzima, na kazi ya saa mbili ikapotea. Kuta zilizojengwa baadaye baina ya programu na programu zina uzito, lakini ni uzito wa kuta, si wa mapambo. Pili, atasema, mfumo wa leo huweza kuandika Kiarabu, Kichina na hati ya Kihabeshi katika ukurasa mmoja, na humsomea kipofu kwa sauti yale asiyoweza kuyaona. Hili nalo ni kweli, na anayetaka kuliondoa ili apate sekunde mbili hana utu. Tatu, atasema kwamba kumbukumbu iliyo tupu haina faida, kwa hiyo mfumo mwerevu huitumia nafasi iliyobaki kuweka tayari vitu vitakavyohitajiwa. Neno hili pia linakubalika, mradi nafasi hiyo irudishwe mara mwenye nyumba anapoitaka.

Hoja yake ya nne ndiyo nisiyoikubali. Husema kwamba mashine ni rahisi na wakati wa waandishi ni ghali. Afadhali mtumiaji anunue mashine kubwa kuliko mwandishi kupoteza mwezi akiipunguza programu yake. Hesabu hii huhesabu wakati wa mtu mmoja na kuusahau wa wengi. Ikiwa programu inatumiwa na watu milioni moja, na kila mmoja anapoteza nusu dakika kila siku, basi kwa siku moja zimepotea saa zaidi ya 8,000, ambazo ni karibu mwaka mmoja wa usiku na mchana. Mwezi wa mwandishi ni kitu gani mbele ya hayo? Tena neno "rahisi" lina maana tofauti katika kila mfuko. Bei isiyoonekana kwa mtu mmoja ni karo ya muhula kwa mwingine.

Wala haifai kusema kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo, maana imewezekana. Mwaka 2009 Windows 7 ilikuja baada ya Vista, na toleo lake la biti 32 halikudai kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 1, kiasi kile kile ambacho Vista ilikihitaji ili kuonyesha mapambo yake yote. Mwaka huo huo Apple ilitoa Snow Leopard, ikasema wazi kwamba kazi kubwa ya toleo hilo ilikuwa kusafisha ya zamani kuliko kuongeza mapya. Lilichukua nafasi ndogo katika diski kuliko lililotangulia, ingawa sehemu ya faida hiyo ilipatikana kwa kuziacha nje kompyuta za prosesa za zamani. Hata Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, haikuokoka na ugonjwa huu. Mwaka 2009 Torvalds mwenyewe alikiri hadharani kwamba kiini chake kimenenepa. Lakini watumiaji wa Linux wana hiari ya kuchagua vazi la nje, na baadhi ya mavazi hayo, kama Xfce, yalishonwa mepesi kwa makusudi. Kompyuta ya gigabaiti 2 iliyokataliwa na wengine huweza kuandika na kuhesabu chini ya vazi hilo.

Kipimo kimoja hunishangaza kila ninapokifikiri. Mwaka 2017 mhandisi mmoja alipima muda unaopita tangu kidole kibonyeze kitufe hadi herufi ionekane katika kiwambo. Kompyuta ya Apple IIe, ya mwaka 1983, ilichukua kama sehemu 30 katika elfu za sekunde. Kompyuta kadhaa za miaka ya 2010, zenye nguvu kuliko ile mara maelfu, zilichukua zaidi ya sehemu 100. Babu alimshinda mjukuu mbio, si kwa nguvu, bali kwa sababu hakuvaa makoti kumi.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba haya ni manung'uniko ya watu wenye haraka. Sivyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuilinda Windows 10 kwa masasisho ya kawaida, ila kwa walioandikisha mashine zao kupata muda wa nyongeza. Windows 11 ilidai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na karibu prosesa zote zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikutajwa katika orodha yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, na sina ruhusa ya kuidharau. Lakini matokeo yake hayabadiliki kwa kubadili jina la sababu. Mwaka 2023 kampuni ya uchunguzi iitwayo Canalys ilikisia kwamba kompyuta milioni 240 zingeweza kuwa taka kwa ajili ya mabadiliko hayo. Na taka za vyombo vya umeme ni nyingi tayari: Umoja wa Mataifa ulihesabu tani milioni 62 za mwaka 2022 peke yake, na katika hizo zisizofika robo ndizo zilizojulikana kukusanywa na kutengenezwa upya kwa taratibu.

Mashine inapofungiwa mlango huko ilikonunuliwa, safari yake mara nyingi haiishi. Baadhi huja kwetu, kwa kuuzwa au kwa kupewa, na baadhi ya hizo huingia shuleni. Kwa hiyo uamuzi unaofanywa katika chumba cha mbali, na watu wema ambao hawatujui, hufika mpaka kwenye dawati lako na kula dakika zako 5. Tajiri hulipa uzito huo kwa fedha: hununua mashine mpya na hausikii tena. Asiye na fedha huulipa kwa umri wake. Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote katika kazi hii ninayoihakiki. Ucheleweshaji haugawanywi sawa. Humwangukia zaidi yule ambaye tayari alikuwa nyuma.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mifumo endeshi ya leo ni majengo makubwa yenye kuta imara na milango ya lugha nyingi, na kwa hayo inastahili shukrani. Lakini imejazwa samani ambazo mwenye nyumba hakuziagiza, na njia za ndani zimekuwa nyembamba hata mwenyewe hapiti. Sifa ya kwanza ya mtumishi ni kumtii bwana wake upesi, na katika sifa hiyo imepungukiwa.

Nawe usikae ukingoja tu. Katika Windows, bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, uone ni nani wanaokula kumbukumbu yako na ni nani wanaoamka bila kuitwa. Kisha, kwa idhini ya mwalimu wako ikiwa mashine ni ya shule, wape jembe wale wasio na kazi. Ikiwa diski ni ya kuzunguka, mueleze mwenye mashine kwamba kuibadilisha kwa isiyozunguka mara nyingi huifufua kompyuta kwa gharama ndogo kuliko ya kununua nyingine. Na ukiwa na mashine ya zamani isiyo na tegemeo, ijaribu Linux nyepesi kabla ya kuitupa.

Lakini neno langu kubwa ni kwa wale kati yenu watakaoandika programu, maana watakuwako. Siku moja utakaa mbele ya mashine mpya, na kazi yako itafunguka kabla hujaondoa kidole. Usiridhike siku hiyo. Tafuta kompyuta dhaifu kuliko zote zilizo karibu nawe, ile iliyo pembeni yenye vumbi, uifungue kazi yako humo mbele ya mtu anayeihitaji. Kaa kimya utazame uso wake mpaka kiduara kitakapokwisha kuzunguka. Kanda likiwa la usufi, utajua. Na likiwa la mawe, utajua pia, nawe utakuwa na nafasi ya kulipunguza kabla halijapandishwa juu ya vichwa vya watu.